Jian dui: kupika madonge ya ufuta ya Kichina nyumbani, hatua kwa hatua

Zikikaribia siku za Mwaka Mpya wa Kichina, majiko ya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, hunukia ufuta na mafuta ya moto. Kinachopikwa ni jian dui: donge la unga wa mchele wa kunata, ndani limetiwa maharage matamu yaliyopondwa, nje limevishwa ufuta kila mahali. Likitoka kwenye karai linakuwa limevimba, gamba lake linalia likiumwa, chini ya gamba kuna utando laini unaovutika, na katikati, kando ya maharage, kuna uwazi mtupu. Wakantoni huliita jin deui. Ukienda Shanghai utasikia matuan. Majirani nao wana ya kwao: Indonesia kuna onde-onde yenye choroko ndani, Vietnam bánh rán, Ufilipino butsi.

Husimuliwa kwamba asili yake ni Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang (618–907), ambao leo ni Xi'an, na kwamba watu waliohamia kusini ndio waliobeba ujuzi huo. Guangdong wakaufanya wao kabisa, hadi wakautungia msemo wa sikukuu: jian dui zikibingirika, dhahabu na fedha hujaa nyumbani. Ndiyo sababu mpishi wa huko hujivunia duara kubwa lililojaa upepo, wala si donge zito. Mji wa Jiujiang ulioko Foshan una ya aina yake, iliyobonyezwa kidogo na kujazwa bisi za mchele na karanga. Hong Kong hawasubiri sikukuu. Utazikuta mwaka mzima kwenye maduka ya mikate na mikahawa ya dim sum, yaani vitafunio vidogo vya Kikantoni vinavyoliwa na chai.

Mwongozo huu ni wa jian dui ya kawaida, yenye maharage matamu ndani. Wengi hudhani inavimba kwa sababu ya hamira au baking powder. Wapo wanaotia kidogo, lakini hapa hatutii hata chembe. Kazi yote inafanywa na unga wenyewe, moto wa chini, na mkono unaoyakandamiza madonge ndani ya mafuta.

Unga

Hapa ndipo watu wanapopotea kabla hata ya kuwasha jiko. Unga unaotakiwa ni wa mchele wa kunata. Unga wa mchele tunaopikia vitumbua haufai, na unga wa ngano utakupa kitu kingine kabisa. Wanga wa mchele wa kawaida ni mchanganyiko wa aina mbili za wanga, amilosi na amilopektini, ila wa mchele wa kunata ni amilopektini karibu yote. Wanga wa namna hiyo ukipata maji na moto hugeuka ngozi laini inayovutika, na mvuke ukisukuma kutoka ndani ngozi inapanuka nao. Ukitumia unga wa vitumbua, donge litafanya nyufa, litakuwa gumu, na huenda likalipuka.

Dar es Salaam na Nairobi unga huu unapatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kiasia, hasa yanayohudumia Wachina. Walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hawatahangaika kuutafuta. Angalia pakiti iwe na herufi 糯米粉. Rafu hiyohiyo utakuta pakiti inayofanana nayo yenye herufi 粘米粉. Huo ni unga wa mchele wa kawaida, uache. Ukikuta unga wa Thailand wa chapa ya Erawan, wenye picha ya tembo wa vichwa vitatu, wa kunata ni ule wenye maandishi ya kijani. Wenye maandishi mekundu ni wa kawaida.

Kama umepata mchele wa kunata wenyewe lakini hukupata unga, bado hujakwama. Uloweke usiku kucha, usage kwa blenda pamoja na maji hadi uwe kama tui zito, kisha umimine kwenye kitambaa safi cha pamba, ufunge na uubanie chini ya jiwe au sufuria yenye maji mpaka uache kuchuruzika. Utabaki na bonge jeupe lenye unyevu. Vijijini kusini mwa China ndivyo walivyofanya zamani. Tatizo ni kwamba tayari una maji yake, kwa hiyo vipimo vya hapa chini vya maji hutavifuata. Utaongeza kidogo kidogo huku ukisikiliza mkono.

Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi vinatoa jian dui 16 au 17. Tumia mizani kama unayo, maana unga huu kikombe kimoja kikishindiliwa na kingine kisiposhindiliwa vinatofautiana sana.

Kwa ajili ya donge:
- Unga wa mchele wa kunata, gramu 300, na kidogo wa kupaka mkononi
- Sukari guru iliyokwaruzwa, au sukari ya kahawia, gramu 90
- Maji mililita 200, na vijiko viwili vya akiba

Kwa ajili ya ndani:
- Maharage madogo mekundu ya azuki, gramu 100
- Sukari gramu 80
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, vijiko 3 vya chakula
- Chumvi, chembe

Na mwishoni:
- Ufuta mweupe mbichi uliotolewa maganda, gramu 150
- Mafuta ya kukaangia, lita moja na nusu

Guangdong hutumia sukari ya miwa ya vibao, ya kahawia. Sukari guru yetu iko karibu nayo sana kwa ladha na rangi. Kama ina takataka za miwa, ichuje ikishayeyuka. Ufuta nao hatuhitaji kuusaka mbali. Unalimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, na China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania, kwa hiyo huenda punje inayoliwa leo Guangzhou ilianzia shamba la Ruangwa. Usiukaange kwanza. Utakaa ndani ya mafuta karibu dakika kumi, na uliokwisha kukaangwa utaungua na kuwa mchungu.

Maharage ya ndani

Anza na haya siku moja kabla, kwa sababu yanatakiwa yawe yamepoa kabisa. Loweka azuki usiku kucha, mwaga maji, weka mapya na uzichemshe mpaka ukiibana moja kwa vidole ipondeke bila ubishi. Zichuje vizuri, kisha ziponde. Ukitaka laini kabisa, zipitishe kwenye chujio la waya ili maganda yabaki juu. Mimi huyaacha maganda, yana utamu wake.

Rudisha kwenye sufuria nzito pamoja na sukari na chumvi, moto mdogo. Sukari ikiyeyuka mchanganyiko utalegea na kukutia wasiwasi. Endelea kukoroga, ukitia mafuta kijiko kimoja baada ya kingine. Umeiva pale ambapo ukipitisha mwiko katikati, sakafu ya sufuria inaonekana na njia haijifungi upesi. Ukiuepua ukiwa bado majimaji utajuta baadaye, kwani maji hayo yatageuka mvuke ndani ya donge na kutafuta pa kutokea. Uache upoe, ugawe vipande vya gramu 15, uviviringe na uviweke kwenye friji.

Azuki zikikosekana, choroko (Wakenya huziita ndengu) zilizokobolewa zinafanya kazi vizuri sana, na kama tulivyoona, ndizo Waindonesia wanazotia kwenye onde-onde. Hizo loweka saa tatu nne tu, chemsha, ponda, pika na sukari kwa namna ileile. Karanga zilizosagwa na sukari zinawezekana pia, ila humwagika kama mchanga wakati wa kufunga donge, si za mtu anayeanza.

Kukanda donge

Unga wa kunata ukikandwa kwa maji baridi peke yake hutoa donge linalokatikakatika. Dawa yake ni kupika sehemu ya unga kwanza, halafu kuikanda pamoja na unga mbichi. Sehemu iliyoiva ndiyo inayolishika donge zima.

Chukua gramu 60 za unga, changanya na mililita 50 za maji, kanda, ubonyeze uwe kama chapati ndogo nene. Chemsha maji kwenye sufuria, itumbukize, na uisubiri ipande juu. Ikishapanda iache dakika moja zaidi, mpaka iwe inang'aa na weupe wa unga mbichi umeondoka.

Wakati huohuo yeyusha sukari guru katika mililita 150 za maji yaliyobaki, ipate moto tu bila kuchemka muda mrefu, maana maji yakipungua vipimo vinaharibika. Weka gramu 240 za unga kwenye bakuli kubwa, tia ile chapati iliyoiva, mimina maji ya sukari yakiwa ya moto, na uchanganye kwa mwiko. Itakuwa fujo la kunatanata. Joto likishavumilika ingiza mkono na ukande dakika tano au zaidi, hadi mabonge ya ile chapati yasionekane na donge liwe laini lenye rangi moja.

Kulipima, viringa kipande kidogo na ukibonyeze kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka, ongeza maji ya akiba, kijiko cha chai kimoja kwa wakati. Likinata mkononi na kushindwa kusimama, nyunyiza unga. Ulaini unaotafutwa ni wa ile sehemu laini ya chini ya sikio lako. Lishike donge kwa mkono mmoja na sikio kwa mwingine, hakuna anayekuona. Funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa. Kitambaa kisiondoke, kwa sababu unga huu hukauka juu upesi, na ngozi kavu ndiyo mwanzo wa nyufa.

Kujaza na kuvisha ufuta

Kata vipande vya gramu 35. Kiviringe kimoja, kibonyeze kwenye kiganja kiwe duara la kama sentimita 7, katikati pawe panene na kingo ziwe nyembamba. Sababu ni kwamba kingo zote zitakutana juu zikifungwa. Zikiwa nene, upande wa kufungia utakuwa mzito na ule wa chini mwembamba, na mvuke hupenda palipo pembamba. Weka maharage katikati, pandisha kingo taratibu huku ukizungusha, toa hewa iliyonaswa, bana, kisha viringa katikati ya viganja mpaka mshono upotee. Ukiona ufa, upake maji kwa kidole na uusugue hadi ufunge. Usijiambie kwamba ufuta utauficha.

Kama hujawahi kupika hizi, tengeneza tatu za kwanza bila kitu ndani. Guangdong zisizo na kitu ndani zinaheshimiwa hasa, maana mpishi hodari hulikuza donge dogo mpaka liwe puto kubwa jembamba. Kwako zitakufundisha tabia ya moto na mafuta bila kuhangaikia maharage.

Sasa ufuta. Weka bakuli la maji na sinia la ufuta pamoja. Chovya donge kwenye maji, litoe mara moja, likung'ute, liviringishe kwenye ufuta hadi lisibaki doa tupu. Kisha, na hatua hii isirukwe, liviringe tena kwa viganja ukibana kwa nguvu kiasi, punje zizame kwenye unga. Zile zisizoshika zitaanguka ndani ya karai, zitaungua na kuyatia mafuta uchungu kabla hujafika awamu ya tatu.

Kwenye mafuta

Tumia karai lenye kina, mafuta yafike sentimita 7 hivi lakini yasizidi nusu ya karai. Yapashe moto hadi nyuzijoto 150 mpaka 160. Bila kipimajoto, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikipanda polepole kuuzunguka, ni wakati wake. Vikichemka kwa fujo, mafuta ni ya moto mno. Punguza na usubiri. Kwenye jiko la mkaa, panga makaa yawe machache tangu mwanzo na uweke mengine pembeni yakisubiri. Kushusha joto la mkaa katikati ya kazi ni balaa.

Tumbukiza manne au matano, si zaidi. Yatazama. Dakika ya kwanza na ya pili yasukume tu polepole ili yasishike chini. Hayatavimba, na hapo ndipo mtu anaposhawishika kuongeza moto. Usiongeze. Moto ukiwa mkali gamba la nje linakauka na kukomaa wakati ndani bado ni ubichi. Baadaye mvuke ukitaka nafasi unakuta ukuta usiovutika. Unapata mawili: donge dogo gumu, au mlipuko.

Baada ya dakika tatu nne yataanza kuelea. Chukua chujio la waya au mgongo wa upawa, lishushe donge moja hadi ukutani au chini ya karai, libonyeze sekunde moja, liachie. Litapanda likiwa limenenepa kidogo. Nenda la pili, la tatu, rudi la kwanza. Mwanzoni bonyeza kwa upole, utando bado ni mlaini. Kadiri linavyovimba ongeza nguvu, hadi ulione linabonyea na kurudi mviringo wake. Kubonyeza kunausukuma mvuke ulio ndani uutanue utando pande zote, na kunaligeuza donge lisikae upande mmoja juu ya mafuta. Ukiyaacha yaelee bila kuyagusa, yatavimba kidogo tu na mara nyingi kombokombo.

Dakika ya nane hivi yatakuwa makubwa waziwazi kuliko yalivyoingia, na rangi ya majani makavu. Ndipo uongeze moto hadi karibu nyuzijoto 180, uyageuze bila kusimama kwa dakika moja au moja na nusu, mpaka yawe ya dhahabu iliyokolea. Moto huu wa mwisho unakausha gamba. Ukiyatoa kabla yake yatakuwa mazuri kwa macho, kisha yatanywea yakiwa yanapoa mbele yako. Yatandaze juu ya wavu wa waya. Ukiyarundika kwenye bakuli, mvuke wa moja utalainisha jingine.

Kabla ya awamu inayofuata, chota punje zote zilizoanguka na urudishe joto chini.

Kuhusu kulipuka

Nalitenga jambo hili kwa sababu lina hatari ya kweli. Jian dui iliyofungwa vibaya inaweza kupasuka na kurusha mafuta ya moto usoni. Chanzo huwa ni hewa iliyofungiwa ndani, ufa ambao haukusuguliwa, maharage yenye majimaji, unga mkavu, au mafuta ya moto kupita kiasi. Kila mojawapo imeshatajwa juu na namna ya kuizuia. Hata hivyo vaa nguo ya mikono mirefu, weka mfuniko wa karai karibu na mkono, watoto wakae mbali, na usitumbukize kamwe madonge yaliyotoka kwenye friza yakiwa na barafu. Ukiona donge limetoa uvimbe mdogo upande mmoja, kama puto linalotaka kutoka ndani ya puto, limeshaanza kupasuka. Lichote upesi na uliweke kando.

Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa mfuniko, usiliguse wala kulihamisha. Maji hapana.

Kula na kutunza

Subiri dakika kumi. Maharage ya ndani hubaki na joto kali muda mrefu baada ya gamba kupoa. Ukikata utaona maharage yamelala upande mmoja na nafasi kubwa iko wazi. Hivyo ndivyo inavyokuwa, hujakosea. Kwenye meza za dim sum huletwa na chai isiyo na sukari, na kahawa chungu ya pwani inakwenda nayo vilevile. Utando wake unanata kooni, kwa hiyo watoto wadogo na wazee wakatiwe vipande vidogo na watafune bila haraka.

Uzuri wake ni wa saa chache za kwanza. Kesho yake gamba litakuwa limelegea na utando umekazana. Kuzirudisha, ziweke kwenye oveni ya nyuzijoto 160 kwa dakika tano hadi nane. Maikrowevu itakupa ulaini tu na kuua ukavu wa nje. Ukijua huwezi kuzimaliza, ni afadhali ukaange nusu na kuyaacha mengine mabichi, yasiyovishwa ufuta, kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa vizuri. Kesho yatoe, yakae nje nusu saa, yaviringe upya ukitafuta nyufa, ndipo uyavishe ufuta na kuyakaanga. Mafuta yaliyobaki yachuje kwa kitambaa yakishapoa; yatakuwa na harufu ya ufuta, na kwa kukaangia mboga hilo si hasara.